Basi linakwenda spidi 80 bila kubadilika: kani imekwenda wapi?

Swali: «Mimi ni dereva wa basi la mikoani. Binti yangu wa kidato cha tatu amenionyesha kwenye daftari lake kwamba kani, yaani msukumo au mvuto, ni tungamo, yaani kilo za kitu, mara mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde: F = ma. Akaniambia kwamba basi likishika spidi 80 na kubaki hapo hapo, mchapuko wake ni sifuri, na kwa hiyo kani ni sifuri. Nikamjibu kwamba miaka yote niliyoendesha sijawahi kukaa kwenye 80 bila mguu kuwa kwenye mafuta, na nikiutoa tu, basi linaanza kupungua mwendo. Kani inawezaje kuwa sifuri wakati injini inakula dizeli njia nzima? Na kwa nini basi tupu na basi lililojaa ni kama magari mawili tofauti? Tunaomba utuamue.»

Ndugu yangu, hesabu ya binti yako ni sahihi, na mguu wako nao haukudanganyi. Kinachowagonganisha ni herufi moja tu, ile F. Wewe umeisoma kama kani ya injini, jambo ambalo mtu yeyote aliyeshika usukani angelifanya, lakini F ya kanuni hiyo si kani ya injini, wala si ya breki, wala si ya upepo. Ni jumla ya kani zote zinazolikabili basi kwa wakati mmoja, zikiwa zimejumlishwa kwa kuzingatia mwelekeo wa kila moja, hivyo kani inayosukuma mbele na ile inayorudisha nyuma zikilingana, jumla huwa sifuri, ingawa kila moja peke yake inaweza kuwa kubwa sana. Watu wawili wanaovutana kamba bila yeyote kumsogeza mwenzake hawajaacha kuvuta.

Tuliweke jambo hili katika tarakimu. Chukua basi lenye abiria na mizigo, tungamo lake kilo 15,000, kwenye barabara tambarare isiyo na upepo. Spidi 80 ni mita 22.2 kwa sekunde. Kwa mwendo huo basi linaipasua hewa iliyo mbele yake, na tairi zinabonyea na kunyooka kila zinapozunguka, na yote mawili yanalirudisha nyuma. Kwa gari la ukubwa huo tukadirie kwamba ukinzani wote ni nyutoni 2,500. Nyutoni moja ni kani inayoweza kulipa tungamo la kilo 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukishika mkononi kitu cha gramu 100, kinakulemea kwa karibu nyutoni moja.

Ukiwa umeituliza sindano kwenye 80, basi linasukumwa mbele kwa nyutoni 2,500 na kurudishwa nyuma kwa nyutoni 2,500. Jumla ni sifuri na mchapuko ni sifuri, kama binti alivyosema. Ukikanyaga zaidi hadi msukumo wa mbele ufike nyutoni 5,500, zinazobaki baada ya kutoa ukinzani ni 3,000, na hizo ukizigawa kwa kilo 15,000 unapata mchapuko wa 0.2, yaani kila sekunde inayopita inaongeza kwenye mwendo wa basi mita 0.2 kwa sekunde. Ukiutoa mguu, msukumo wa mbele unakatika, zinabaki zile 2,500 za nyuma peke yake, na basi linapoteza karibu mita 0.17 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde 10 sindano imeshuka kwa kilomita 6 hivi kwa saa. Huko ndiko kupungua mwendo unakokujua wewe, na kanuni ya daftarini inalieleza jambo hilo bila kuongezewa neno.

Dizeli basi inakwenda wapi? Kani ya nyutoni 2,500 ikilisukuma basi mita 22.2 kila sekunde inatumia nguvu ya wati 55,500 hivi, sawa na pasi za umeme 55 za wati 1,000 kila moja zikiwashwa kwa pamoja. Hakuna hata chembe ya nguvu hiyo inayobaki kwenye basi kama mwendo wa ziada, kwa kuwa mwendo hauongezeki. Yote inaishia kuitibua hewa na kuzipasha tairi joto. Ukifika Morogoro ukaweka kiganja kwenye tairi, joto unalolisikia ni sehemu ya dizeli uliyoijaza asubuhi. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka 80 kwenda 100, sehemu ile ya hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na pampu ya mafuta itakudai.

Hapo juu nimekwepa kwa makusudi kusema kwamba injini ndiyo inayolisukuma basi, na binti yako alitazame hili kwa makini. Injini iko ndani ya basi. Inazungusha ekseli, ekseli inazungusha tairi, tairi zinaisukuma lami kuelekea nyuma, na lami nayo inazisukuma tairi mbele kwa kani iliyo sawa na hiyo. Kinacholipeleka basi mbele ni barabara. Wakati wa masika, kwenye tope, injini inanguruma na tairi zinazunguka, lakini basi haliendi popote, kwa sababu tope halina uwezo wa kuirudisha kani hiyo. Abiria 60 waliomo ndani hata wakisukuma viti vilivyo mbele yao kwa nguvu zao zote hawataliondoa. Wakishuka na kusukuma huku miguu yao imekanyaga ardhi, litatoka. F inahesabu kani zinazotoka nje ya kitu tunachokichunguza, kwa kuwa za ndani hufutana zenyewe kwa zenyewe.

Dhana kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na kwamba msukumo mkubwa ndio unaoleta mwendo mkubwa, ni dhana ya watu wenye akili nzuri. Aristotle wa Ugiriki aliifundisha, na wanazuoni wakaishikilia kwa karne nyingi, kwa sababu kila walichokiona duniani kilisimama walipoacha kukisukuma. Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuona kwamba kitu kilichorushwa hupoteza mwendo kwa kukinzwa na vitu vya nje kama hewa, na kwamba mahali patupu mwendo huo usingekoma. Galileo, mwanasayansi wa Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, alieleza majaribio yake ya kuviringisha mipira kwenye mbao zilizoinamishwa, akipima muda kwa maji yanayotiririka chomboni kwa kuwa saa za wakati wake hazikutosha. Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alipochapisha kanuni zake London mwaka 1687, kwa Kilatini, hakuandika F = ma popote. Aliandika kwamba badiliko la mwendo linalingana na kani iliyotumika, na kwamba linatokea katika mstari wa kani hiyo. Aliyeiandika kanuni hiyo kwa umbo la hesabu linalofanana na la daftari la binti yako ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1750, alipokuwa Berlin.

Ninalitaja kwa sababu maneno ya Newton yanafundisha kuliko herufi. Alisema badiliko la mwendo, hakusema mwendo. Kani haidumishi mwendo, kani huubadilisha. Mwendo ukishakuwapo unajidumisha wenyewe, na mafuta unayoyachoma kwenye 80 hayalipi mwendo, yanalipia ukinzani. Kama ukishafika 80 ungeweza kuondoa hewa na msuguano wote, ungezima injini, na basi lingekwenda hivyo hivyo hadi kitu kingine kiliguse.

Jambo hili mnaweza kulitazama nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoana wanayotumia wauza samaki. Fungeni kamba kwenye kreti la soda lenye chupa, nasa ndoana kwenye kamba, halafu livuteni taratibu sakafuni huku mmoja akisoma mizani. Mshale utapanda hadi mahali fulani kabla kreti halijasogea. Likishaanza kwenda utashuka kidogo. Na mkilivuta kwa mwendo usiobadilika, utakaa karibu na namba moja. Namba hiyo si sifuri, kwa kuwa mizani inasoma mkono wako peke yake, haisomi msuguano wa sakafu unaovuta upande wa pili. Sasa ongezeni mwendo huku mnavuta: mshale unapanda tena, na ile ziada iliyo juu ya namba ya mwendo usiobadilika ndiyo F inayogawanywa kwa tungamo la kreti. Anayesoma mizani asiondoe jicho kwenye mshale wakati mwenzake anaongeza mwendo, maana ziada hiyo hudumu kwa muda mfupi tu.

Sasa swali lako la pili, la basi tupu na basi lililojaa. Tungamo ni kipimo cha jinsi kitu kinavyoukataa ubadilishaji wa mwendo wake. Tuseme basi tupu ni kilo 11,000 na likijaa ni 15,000. Ziada ile ile ya nyutoni 3,000 inalipa basi tupu mchapuko wa 0.27 na lililojaa 0.2, kwa hiyo kutoka 60 hadi 80 la kwanza litatumia sekunde 20 hivi na la pili sekunde 28. Tofauti hiyo ya sekunde 8 unaipata mguuni kila siku, hasa unapotaka kulipita lori. Mlimani mambo huwa mazito zaidi. Barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100 za safari hulirudisha nyuma basi la kilo 15,000 kwa nyutoni 7,350 hivi, karibu mara tatu ya ukinzani wote wa tambarare, na ndiyo maana unashusha gia unapopanda Kitonga bila kuulizwa na mtu.

Hapa pana neno linalowakwaza wanafunzi wengi, nalo ni uzito. Katika mazungumzo ya kila siku uzito na tungamo ni kitu kimoja, lakini katika fizikia uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu kwake. Kwa kila kilo ya tungamo dunia inavuta kwa nyutoni 9.8 hivi, kwa hiyo basi la kilo 15,000 lina uzito wa nyutoni 147,000. Mizani ya barabarani unayopandisha basi inapima kani hiyo, halafu inaigawa kwa kimya na kukuandikia kilo. Mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, mizani hiyo hiyo ingesoma tani mbili na nusu tu. Lakini tungamo lingebaki kilo 15,000, na mtu anayetaka kulisimamisha katika muda ule ule angehitaji kani ile ile anayoihitaji hapa.

Kutokana na hilo linajibika swali ambalo binti yako ataulizwa karibuni, kama hajaulizwa: jiwe la kilo 10 linavutwa mara kumi zaidi ya jiwe la kilo 1, mbona yakiangushwa pamoja yanafika pamoja? Kwa sababu jiwe kubwa lina tungamo mara kumi pia. Nyutoni 98 kwa kilo 10 na nyutoni 9.8 kwa kilo 1 hutoa mchapuko mmoja, 9.8. Unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya akiwa amesimama Mwezini, mahali pasipo na hewa, na vyote viwili vikagusa vumbi kwa wakati mmoja mbele ya kamera.

Niruhusu nikae zaidi kwenye breki, kwa kuwa hapo ndipo kanuni hii inapogusa uhai wa watu unaowabeba. Tuseme ng'ombe amekatiza na unafunga breki kwa nguvu, basi likapoteza mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa kilo 15,000 hizo ni nyutoni 75,000 ambazo lami inapaswa kuzirudisha kupitia tairi, mara 30 ya ukinzani wa kawaida. Utasimama baada ya sekunde nne na nusu hivi na umbali wa mita 49, na juu ya hizo ongeza mita 22 ulizokwenda katika sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye pedeli. Kama tairi zimelika au lami imeloa, nyutoni 75,000 hazipatikani. Unaweza kukanyaga hadi mwisho, lakini breki haziwezi kuiomba barabara kani ambayo barabara haina. Kani ikipungua nusu, mchapuko unapungua nusu, na mita 49 zinakuwa 98.

Abiria atakuambia kwamba breki zilimtupa mbele. Hakuna kani iliyomtupa. Basi limepunguza mwendo, na yeye, kwa kuwa bado hakuna kitu kilichomzuia, anaendelea na mita zake 22 kwa sekunde hadi mkanda, mikono yake au kiti cha mbele kimpe mchapuko ule ule wa basi. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni nyutoni 350, kani ambayo mikono yenye afya inaweza kuihimili. Lakini gari likigonga ukuta na mtu akasimamishwa kutoka kasi hiyo hiyo ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mchapuko ni 222 na kani inapita nyutoni 15,000, sawa na kuwekewa mzigo wa tani moja na nusu. Hakuna mikono inayoshika hapo. Tungamo la abiria halikubadilika wala kasi yake ya mwanzo haikubadilika. Kilichobadilika ni muda, na katika kanuni hii muda umejificha ndani ya herufi a. Naumia ninapoona mikanda ya basi imefungwa nyuma ya viti ili isisumbue wanaokaa.

Kuna mahali pamoja ambapo binti angekosea kusema kwamba spidi isiyobadilika ina maana ya mchapuko sifuri, nako ni kwenye kona. Mchapuko ni badiliko la kasi pamoja na mwelekeo wake. Ukikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 kwa spidi 36, ambayo ni mita 10 kwa sekunde, sindano haitikisiki, lakini mwelekeo unabadilika kila wakati, na mchapuko wake ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusu kipenyo: 100 kwa 50, yaani 2. Basi linahitaji nyutoni 30,000 zinazolisukuma kuelekea ndani ya kona, na tairi ndizo zinazozipokea kutoka kwenye lami. Ukiikata kona hiyo kwa 72, kasi imeongezeka mara mbili lakini kani inayotakiwa imeongezeka mara nne, ikawa 120,000. Zisipopatikana, basi halitupwi nje na kitu chochote. Linafuata tu mstari wake ulionyooka, na mstari huo haufuati barabara.

Niongeze jambo moja kuhusu tungamo kabla sijamrudia binti. Kuna chombo ambacho ni kama basi linaloshusha mzigo wake njiani, nacho ni roketi. Roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni kaskazini ya Malindi, kati ya mwaka 1967 na 1988, zilikuwa za hatua nne, yaani vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine, na sehemu kubwa ya tungamo lao pale chini ilikuwa fueli. Kadiri fueli inavyoungua na hatua iliyokwisha inavyodondoka, kinachobaki kusukumwa kinazidi kuwa kidogo, na msukumo ule ule unaleta mchapuko mkubwa zaidi. Basi lako nalo hupungua tungamo kwa kila lita ya dizeli, ila lita 300 mbele ya kilo 15,000 huwezi kuzihisi mguuni.

Sasa nawapa kazi ya kufanya pamoja, kwa kuwa wewe una kifaa ambacho maabara nyingi za shule hazina. Safari ijayo hifadhi risiti ya mizani, ili tungamo la basi lijulikane. Chagua kipande cha barabara kilicho tambarare kweli, mchana, pasipo na gari nyuma yako, na kondakta ashike saa ya kuhesabia ya simu. Ukiwa kwenye 80 toa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki na bila kutoa gia, na ahesabu sekunde hadi sindano ifike 70. Rudia mkiwa mnarudi, upande wa pili wa barabara, ili mteremko mdogo usioonekana kwa macho na upepo visiwadanganye, kisha mchukue wastani wa matokeo mawili. Kilomita 10 kwa saa ni mita 2.78 kwa sekunde. Binti azigawe kwa sekunde mlizozipata, halafu azidishe kwa kilo za risiti. Kama zimetoka sekunde 14 na risiti inasema 15,000, atapata karibu nyutoni 2,980. Jibu lenu huenda likazidi zile 2,500 zangu, kwa sababu gia ikiwa imeingia injini nayo inavuta nyuma, na kondakta akumbuke kuandika pia idadi ya abiria waliokuwamo.